Jaketi la Chui la Fundi Sare

Mtaani wanamwita Fundi Sare, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Kwa miaka ishirini na miwili ameshona sketi za buluu, kaptula za kaki na mashati meupe, na akichoka na hizo hupumzika kwa kushona mashati meupe, kaptula za kaki na sketi za buluu. Akiletewa kitambaa chenye ua moja tu pembeni, hukigeuza mara mbili tatu akitafuta pa kulificha. Mke wake husema hata ndoto za mumewe zina nembo ya shule mfukoni, na yeye hawezi kukana, kwa sababu aliwahi kuota hivyo kweli na akafanya kosa la kumsimulia.

Siku hizi akiulizwa habari ya jaketi, huanza kwa kujisema vibaya kwanza ndipo apate nguvu ya kuendelea. Husema mtu mwenye akili zake angeikataa kazi ile palepale, angesingizia macho au mgongo. Lakini aliyekuja kuiomba alikuwa binti yake, kitinda mimba wake, msichana wa miaka kumi na sita, na binti huyo alikuwa hajakanyaga chumba chake cha kazi kwa mwaka mzima.

Sababu ya huo mwaka mzima aliitengeneza fundi kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya wazazi mwaka jana, wazazi wenzake walikaa kwenye viti wakasikiliza hotuba kama watu wazima. Yeye alikuwa anaangalia sketi. Karibu nusu ya wanafunzi walikuwa wamevaa kazi yake, na furaha ikampanda kichwani. Alianza kwa kumnong'oneza jirani kwamba ile kaptula pale ni yake. Akaishia kuzunguka uwanja akivuta kola za watoto wa watu na kutangaza: hii nimeshona mimi, na hii pia, hii siyo, hebu angalia mshono ulivyokwenda upogo. Alipofika kwa mvulana mrefu wa darasa la binti yake akaona pindo la suruali linaning'inia. Hakujiuliza mara mbili. Alipiga magoti, akachomoa sindano anayotembea nayo kwenye kola ya shati, akaanza kushona huku mvulana amesimama ndani ya suruali yake na shule nzima inatazama. Haya alikuja kuona baadaye, tena aliiona usoni kwa binti yake kwanza. Jioni ile binti alimwambia maneno matatu tu, "Baba, mwakani usije," akaingia chumbani na kufunga mlango.

Tangu hapo waliishi vizuri, kama majirani wanavyoishi vizuri. Salamu alipewa, chumvi mezani alisogezewa, na akiuliza habari za shule aliambiwa nzuri. Mke wake alimwambia avumilie, msichana wa umri ule hasira zake hazikai. Hizi zilikaa. Na sasa huo mwakani ulikuwa umefika, siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi, na fundi alikuwa hajui kama lile katazo bado lina nguvu au limekwisha muda wake. Kuuliza aliogopa. Alikuwa anazihesabu siku kimyakimya, mtu mzima mwenye mvi kidevuni.

Basi Jumatatu baada ya shule binti akatokea mlangoni na simu mkononi. Chumba kile fundi anakikodi pamoja na mwanamke mmoja mshona magauni ya maarusi, anayeitwa Mama Harusi ingawa mwenyewe hajawahi kuolewa wala hana haraka. Binti alimwamkia Mama Harusi kwanza, kisha akamwonyesha baba yake picha kwenye simu. Ilikuwa jaketi fupi la kufika kiunoni, la velveti yenye madoa ya chui, lenye zipu mbele, limemkaa mvaaji mwilini sawasawa. Alieleza kwamba mwaka huu mkuu wa shule ameruhusu wanafunzi wavae nguo za nyumbani siku ya wazazi. Rafiki zake wote wana kitu cha kuvaa. Alimwuliza kama anaweza, na kama hawezi si neno.

Hilo la kama hawezi ndilo lililommaliza. Fundi aliitazama picha kwa sekunde tatu, akairudisha simu na kusema, "Kazi ndogo hiyo."

Mama Harusi aliacha kushona. Miaka tisa wamekaa chumba kimoja na hajawahi kumwona jirani yake akigusa velveti. Binti alipoondoka, mama huyo alifungua kinywa atoe ushauri, na fundi akaunyanyua mkono kumzuia. Alimwambia kwamba nguo ni nguo, kola ni kola, na chui naye ana mikono miwili kama mwanafunzi yeyote. Sentensi hiyo Mama Harusi bado anamrudishia mpaka leo, tena mbele ya wateja.

Jumanne alikwenda duka la vitambaa akiwa ametanguliza kifua. Muuzaji alimtandikia chui, duma, pundamilia na twiga. Fundi aliyakagua madoa kama mtu anayewafahamu wanyama hao kwa karibu, akachagua chui, akauliza kama rangi inatoka. Muuzaji alimpigia hesabu ya urefu wa kitambaa unaohitajika, fundi akaona ni mrefu mno. Akacheka. Alimweleza yule muuzaji, kwa sauti ya kusikika na wateja wengine, kwamba mtu aliyeshona sare miaka ishirini na miwili hafundishwi kupanga vipande. Kwenye sare kila kipande hulazwa mzungu wa nne, kichwa cha hiki kwenye miguu ya kile, bega linajaza pengo la kiuno, na mwishoni kinachobaki chini ni uzi. Muuzaji alisema sawa, ila velveti ina mambo yake. Fundi akasema na yeye ana yake. Akakatiwa kipande kifupi kama alivyotaka.

Vipimo alimtuma mke wake achukue. Kisingizio kilikuwa kwamba binti amekuwa mkubwa na mama ndiye anayefaa kumpima. Ukweli ni kwamba aliogopa kukaa karibu na mtoto wake dakika tano nzima akiwa na tepu, asije akasema neno la kijinga na kazi ikafutwa. Mke alipima, akaandika kwenye kikaratasi, akakileta. Fundi aliweka kikaratasi mezani, akachukua chaki, na hapo mkono wake ukaanza kufanya kazi peke yake.

Lazima ieleweke mkono huo umefundishwaje. Mzazi anayeleta mtoto ashonewe sare hataki nguo ya mtoto wa leo, anataka ya mtoto wa miaka miwili ijayo. Kwa hiyo Fundi Sare hupima kilichopo kisha huongeza nafasi ya kukulia: vidole vinne kifuani, vidole vinne kiunoni, na pindo la kutosha kushushwa mara tatu. Hakumbuki tena kwamba anaongeza. Ukimwuliza atakuapia kwamba amekata kipimo kilekile ulichompa.

Jumatano alikata na kushona siku nzima, akipiga mluzi. Velveti ilikuwa inateleza chini ya mguu wa cherehani, akailaumu cherehani. Ilikuwa inang'aa huku na kufifia kule, akaulaumu mwanga wa dirishani. Mama Harusi alikohoa. Alikohoa tena. Mara ya tatu fundi alimshauri anywe maji ya uvuguvugu. Kufika saa kumi na moja jaketi lilikuwa limekwisha, limepigwa pasi, limetundikwa ukutani, na fundi alikuwa amesimama mbele yake mikono kiunoni, akijiona ni mtu aliyekuwa anadharauliwa bila sababu. Alikwisha kulipanga hata jibu lake, binti atakapomshukuru. Angesema si kitu, mwanangu. Kisha binti angesema, basi Jumamosi njoo. Kwa nini asiseme?

Alhamisi jioni wakakusanyika sebuleni, baba, mama na binti, mbele ya kioo kirefu cha kabatini. Binti alilipokea jaketi kwa mikono miwili. Alilivaa, akafunga zipu, akajitazama.

Kioo hakikuwa na adabu. Upande wa kushoto wa kifua ulikuwa wa dhahabu, unameremeta. Upande wa kulia ulikuwa wa kahawia iliyokolea, kama chui aliyetoka kuoga. Alipogeuka, mgongo wote ulikuwa wa yule aliyeoga. Mkono mmoja ulikuwa wa chui mkavu na mwingine wa chui aliyelowa, na yote miwili ilifika kwenye ncha za vidole, ikiwa na pindo ndani la kushushwa baadaye. Jaketi la kiunoni lilikuwa limefika nusu ya mapaja. Ndani yake binti angeweza kumkaribisha rafiki na bado wakabaki na nafasi. Kola ilikuwa imetiwa gundi ikasimama wima. Na kifuani, upande wa kushoto, kulikuwa na mfuko wa mraba uliokaa vizuri sana, wenye kijisehemu cha kuchomeka kalamu. Fundi aliutazama ule mfuko akajaribu kukumbuka ni saa ngapi aliushona. Hakukumbuka.

Mke wake alishika mdomo kwa kiganja. Mabega yakaanza kutikisika, akakimbilia jikoni, na huko jikoni kikasikika kicheko cha mtu aliyejizuia hadi akashindwa.

Binti hakucheka. Alijipitisha kiganja kifuani, upande huu na upande ule, akautazama mfuko wa kalamu, kisha akamtazama baba yake ndani ya kioo. Alisema kwa upole, "Baba, hii ni sare." Akalivua, akalikunja vizuri, akasema asante, na kwamba asihangaike, Jumamosi atavaa sweta lake la zamani.

Kama angebamiza mlango fundi angelala. Upole ule ulimkata maini. Mtoto aliyemkasirikia mwaka mzima alikuwa amempa nafasi moja, na yeye kaitumia kumwonyesha kwamba anajua kitu kimoja tu duniani. Mke wake alirudi kutoka jikoni akiwa amejifuta machozi, akakaa karibu naye.

"Baba watoto," alimwambia, "ulimwona mtoto kweli, au ulimwona mteja?"

Hakuwa anacheka tena alipouliza hivyo. Fundi alijikuna kichwa.

Ijumaa asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa muuzaji wa vitambaa, kifua akiwa amekiacha nyumbani. Jora la chui lilikuwa limekwisha tangu jana. Amebaki pundamilia. Muuzaji hakumkumbusha mazungumzo yao ya Jumanne, na kwa hilo fundi anamheshimu hadi leo. Akarudi chumbani, akalitandaza jaketi mbele ya Mama Harusi na kusema neno ambalo hakuwahi kumwambia katika miaka tisa: naomba unifundishe.

Mama Harusi hakumsimanga, angalau siku hiyo. Alimshika mkono akaupitisha kwenye velveti kutoka juu kwenda chini, ikawa laini. Akaupitisha kutoka chini kwenda juu, ikakataa. Alimweleza kwamba kitambaa hiki kina vinyoya, na vinyoya vyake vimelala upande mmoja kama vya paka. Ukikilaza kipande kichwa chini kinachukua mwanga vingine na kubadilika rangi. Vipande vyote hukatwa vikiangalia upande mmoja. Kwa hiyo ule ujanja wake wa mzungu wa nne ndio uliozaa wale chui wawili. Fundi alimwuliza kwa nini hakumwambia tangu Jumatano. Mama Harusi alikohoa, na fundi akajijibu mwenyewe.

Walipolipima waliona kuna tumaini. Kwa kuwa lilishonwa kwa ajili ya mtu mwenye mwili wa watu wawili, mgongo na kifua cha kulia vingeweza kufumuliwa, kugeuzwa na kukatwa upya, vikatosha jaketi fupi. Mkono mmoja tu ndio usingewezekana. Mkono wa jaketi ni mpana begani na mwembamba kiganjani, huwezi kuugeuza juu chini. Huo ungebaki wa chui aliyelowa. Na vipimo, akasema Mama Harusi, vichukuliwe upya, na safari hii avichukue mwenye mkasi.

Fundi akatoa simu aandike ujumbe. Watu humwuliza sehemu gani ya kazi ile ilikuwa ngumu, na hujibu ni hii. Aliandika akafuta, akaandika akafuta. Aliandika barua nzima ya kueleza mambo ya vinyoya na mwanga, akaifuta. Ilipofika saa sita alituma hivi: "Mwanangu, nilikosea. Naomba uje nikupime." Jibu lilikuja baada ya muda mrefu, likasema sawa. Aliionyesha hiyo sawa kwa Mama Harusi amsaidie kujua ni sawa ya aina gani.

Binti alikuja saa tisa na nusu na begi la shule mgongoni. Akasimama katikati ya chumba, mikono ameachanisha kidogo, kama walivyosimama mbele ya fundi maelfu ya watoto wa watu. Fundi alipitisha tepu mabegani na hapo akagundua kwamba anainua mikono. Mara ya mwisho kumpima mtoto huyu alikuwa anainama. Sasa kichwa cha binti kilikuwa usawa wa sikio lake, mabega yalikuwa mapana kama ya mama yake, na shingoni alikuwa na kovu dogo la ukucha au mwiba ambalo baba yake hakulijua. Aliishi naye nyumba moja, anakula naye, na alikuwa anamshonea msichana mwingine mfupi aliyekwisha ondoka zamani. Alihisi huzuni ya ghafla, akajifanya anatafuta miwani.

Alipima kifua, akaandika daftarini. Binti alichungulia.

"Tepu imesema thelathini na nne," alisema. "Mbona umeandika thelathini na nane?"

Fundi aliitazama namba yake. Angeapa kwamba ameandika thelathini na nne.

"Ya kukulia," alisema kwa sauti ndogo.

"Sikui tena, Baba. Mwaka mzima huu sijaongezeka hata kidole."

Mama Harusi aliinamia gauni lake kama ghafla limekuwa na kazi nyingi. Fundi alikata namba ile akaandika thelathini na nne, akakoleza wino, na ilimuuma kuiandika. Kisha akasema jambo lililomshangaza yeye kuliko wengine. Alisema, "Shika mkasi wewe."

Mkasi wa Fundi Sare haushikwi na mtu. Mke wake aliwahi kuukatia kadi ya mwaliko, wakanuniana wiki mbili. Lakini aliona wazi kwamba akiushika yeye mkono wake utaongeza, utaweka mfuko, utatafuta pa kuchomeka kalamu. Binti alivua begi. Alifumua, akageuza, akapitisha kiganja kuona vinyoya vinalala wapi, akaiweka simu yenye picha mezani na kuchora kwa chaki. Alikata kitambaa ulimi ukiwa umetoka nje kidogo. Mstari wa kwanza ulikwenda pembeni, na fundi akauma ulimi wake ili asiseme kitu. Mstari wa pili ulikwenda pembeni zaidi. Fundi akatoka nje akanunua maji, akarudi bila kuyanywa.

Alidhani kwenye cherehani atakaa yeye. Binti alikuwa amekwisha kaa. Utotoni alikuwa anacheza chini ya meza hiyo, na inaonekana alikuwa hachezi tu, maana uzi aliutia bila kuuliza. Alishona mishono ya mbavuni, akashona mabega, akaingiza zipu mara mbili kwa sababu ya kwanza ilikunjamana. Kazi ya fundi ilikuwa kushika kitambaa kisiteleze, kuchomoa pini, na kujibu akiulizwa. Aliulizwa mara tano. Alijibu kwa ufupi kama mtu anayelipia kila neno. Wakati fulani binti alicheka peke yake, akashika kola ngumu na kumwuliza kama alitaka shingo yake ifungwe plasta ngumu ya hospitali, na fundi naye akacheka, akasema alitaka isimame hata kama yeye amelala darasani. Kabla jua halijazama jaketi lilikuwa limekwisha. Lilikuwa na mshono mmoja wa mbavu uliokwenda upogo kwa wazi, na fundi aliuona, na aliuacha hivyohivyo.

Kuhusu Jumamosi hakuna aliyesema chochote. Usiku alilala akijiambia kwamba amepata mchana mzuri na asiwe mroho.

Asubuhi mke wake alivaa mapema. Fundi alikaa sebuleni na fulana yake ya kazi, akafungua redio akaifunga, akaanza kutia mafuta bawaba za mlango ambazo hazikuwa na tatizo. Binti alitoka chumbani na jaketi lake la chui limemkaa kiunoni barabara, mkono mmoja wa dhahabu, mmoja wa kahawia. Akasimama akamtazama na chupa yake ya mafuta.

"Baba, mbona hujavaa?"

"Kwani naenda wapi?"

"Shuleni. Tunachelewa."

Fundi alivaa kwa kasi hata vifungo vya shati vikapishana, kitu ambacho kwa fundi ni aibu ya kutosha kwa mwaka. Njiani binti alimpa masharti: akae karibu na mama, asisimame wakati wa hotuba, na mikono yake iwe mfukoni. Aliitikia masharti yote kabla hayajaisha kutajwa. Mke wake aliichomoa ile sindano kwenye kola ya mumewe.

Alikaa kwenye kiti. Alisikiliza hotuba tatu na asingeweza kukwambia hata moja ilihusu nini, kwa kuwa nguvu zake zote zilikuwa kwenye kuituliza mikono. Watoto walikuwa wamevaa kila rangi, hakuna hata kivazi kimoja kilichopita mikononi mwake, isipokuwa kile cha chui. Kile alikiona kikipita safu ya tatu, kikisimama jukwaani kupokea cheti cha hesabu, kikishuka. Kutoka mbali ule mkono mmoja ulionekana waziwazi, kama umeazimwa kwa jaketi lingine, na yeye akawa anamhesabu kila aliyegeuka kuuangalia.

Baada ya hotuba binti alikuja walipokaa, akifuatana na marafiki watatu. Mmoja wao, msichana mwenye miwani, alilishika lile jaketi, akauliza amelinunua wapi. Fundi alizidi kuizamisha mikono mfukoni.

"Sijanunua," binti alisema. "Nimeshona. Baba alinisaidia."

Miaka ishirini na miwili ya ufundi iliinuka kooni kwa fundi ikitaka kutoa ufafanuzi. Nani alinunua kitambaa? Nani alikata mara ya kwanza? Mke wake alimkanyaga mguu kidogo, lakini hakukuwa na haja. Fundi alijisikia akitabasamu. Kusaidia, basi. Mpaka siku ile hakuna aliyewahi kumwita msaidizi na yeye asikasirike.

Msichana wa miwani aliugeuza ule mkono wa kahawia, akauliza kwa nini uko tofauti, na kama ndiyo mitindo inayokuja. Fundi alifungua kinywa.

"Huo nilikosea mimi," alisema.

Binti akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kumtazama hivyo, usoni, bila haraka ya kwenda mahali pengine. Msichana wa miwani alisema yeye anautaka hivyohivyo, akauliza kama wanaweza kumshonea la kwake hata kama si chui. Kwa mazoea fundi alianza kuitoa mikono mfukoni atafute tepu, na binti akawahi kujibu kabla yake.

"Njoo Jumatatu baada ya shule, pale kwa baba," alimwambia rafiki yake. "Nitakuwepo. Nitakupima mimi."